Mgongo wa Mkwe

Wanajeshi walipofika Biwi, mtaa mmoja wa mjini huko Malawi, uji wa Mama Marguerite ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kuchemka. Msomaji aushike uji huo, maana balaa lote la siku hiyo lilitoka kwenye sufuria ambayo hakuna aliyeionja.

Ilikuwa saa moja asubuhi. Amri ilikuwa imesomwa redioni kwa majuma kadhaa: kila mkimbizi anayeishi mjini arudi kambini Dzaleka. Watu wa Biwi waliisikia, wakatikisa vichwa, wakaendelea kuuza nyanya na kushona suruali, kwa sababu amri kama hizo walikwisha kuzisikia nyingi na zote ziliishia redioni. Hii ilikuja na malori. Askari alisimama mlangoni, akagusa saa yake ya mkononi, akasema kwa Kichewa kwamba anawapa robo saa.

Robo saa ya kufungasha miaka kumi na moja! Mulenda, fundi cherehani, mkimbizi kutoka Fizi, alizunguka chumbani kama kuku aliyefungwa mguu. Akang'oa kichwa cha cherehani yake na kuacha meza. Akabeba furushi la nguo za wateja na kusahau viatu vyake mwenyewe. Alikuwa hana wa kumwuliza lipi libebwe, lipi liachwe. Mkewe, Espérance, alikuwa Dzaleka tangu juzi, yeye na watoto wote wawili, alikokwenda kuhakikiwa kadi ya chakula. Nyumbani alibaki Mulenda na mama mkwe wake, huyo Mama Marguerite wa uji, peke yao, na hilo tu lilikuwa limemnyima usingizi siku mbili kabla hata jeshi halijatokea.

Asiyejua mambo ya ukwe wa kina Mulenda atacheka, na acheke. Kwao mwanamume hamgusi mama wa mkewe. Hampi mkono, hakai naye mkeka mmoja, hali mbele yake, hamkazii macho. Wakikutana kwenye njia nyembamba, mwanamume ndiye anayeingia majanini. Si chuki hiyo. Ni heshima, tena kubwa kuliko zote, kwa sababu yule ndiye aliyemzaa mwanamke unayelala naye. Wengi waliofika Malawi wameilegeza desturi hii, siku hizi wanapeana mikono na wakwe zao kama makarani wa benki. Mulenda na Mama Marguerite hawakulegeza kitu.

Katika vyumba vyao viwili vya Biwi walikuwa na utaratibu wao. Mama akitaka kupita, anakohoa mara mbili, na Mulenda anageukia ukutani mpaka apite. Akiwa na neno la kumwambia, anamtuma mjukuu. Akimkosa mjukuu, anauambia mlango. "Mulango, mvua inakuya, na nguo iko inje." Mulenda anainuka kimya kimya, anakwenda kuanua nguo. Miaka kumi na moja waliishi hivyo bila kugombana hata siku moja, na ni wakwe wangapi wanaojigamba kupeana mikono wanaweza kusema hivyo?

Desturi ilikuwa na upande mwingine: maradhi ya mama mkwe hayasimuliwi kwa mkwe. Mulenda alichojua ni kwamba mama hapendi sukari kwenye chai. Hakujua kwamba alfajiri ile, kama alfajiri zote za miaka minne, alikuwa amemeza kidonge cha kushusha sukari ya mwilini. Kidonge hicho hakingoji mtu. Ukishakimeza ni lazima ule, na usipokula kinaendelea kushusha mpaka kikuangushe.

Basi, walikuwa wa kwanza kupakiwa. Askari aliwaelekeza mbele kabisa, kwenye kona iliyogusana na kichwa cha lori. Mama Marguerite akaketi juu ya kifurushi chake, mkoba wake mapajani. Mulenda akakaa mbali naye kadiri lori lilivyoruhusu, na mwanzoni liliruhusu vizuri tu. Kisha wakaanza kupanda wengine. Yakaingia magodoro, kitanda cha chuma, majembe, kuku ndani ya ndoo. Lori likapitia mtaa wa Area 18 kuchukua watu zaidi, na huko wanaume wanne walibeba kabati la mbao la milango miwili, wakalisukuma mpaka mbele, likakwama kati ya ubao wa pembeni na rundo la magodoro. Juu ya magodoro yale wakapandishwa watu. Juu ya watu likavutwa turubai, likafungwa pande tatu.

Mulenda alipogutuka, alikuwa ndani ya kijichumba. Nyuma yake bati la kichwa cha lori, kushoto ubao, kulia magodoro, mbele kabati. Upenyo ulikuwa juu tu, ambako turubai halikufika vizuri. Na ndani ya kijichumba hicho, kisichozidi upana wa mkeka mmoja, alikuwamo yeye na mama mkwe wake, magoti karibu yagusane.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akafanya kile ambacho mtu aliyelelewa vizuri angefanya: akajipinda, akageuka, akampa mama mgongo. Kichwa cha cherehani akakipakata, paji la uso akaliegemeza kwenye ubao wa pembeni. Palikuwa na tundu la msumari, na kwa tundu hilo akawa anatazama barabara. Alijiambia kwamba Dzaleka ni mwendo wa saa moja tu. Saa moja anaweza kukaa hivyo hata akiwa mzee wa miaka themanini.

Lakini lori halikwenda Dzaleka. Liliingia kwenye uwanja mtupu na kusimama pamoja na malori mengine, na hapo likangoja. Msafara mzima ulitakiwa kuondoka pamoja. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Jua likalishika turubai, na humo ndani kukawa kama kwenye chungu kilichofunikwa. Watoto walilia. Mtu mmoja aliomba kushuka kukojoa, mwingine alidai amesahau mlango wazi, mama mmoja akasema moyo unamwenda mbio. Askari aliyekaa juu ya paa la kichwa cha lori, mtu mzima mwenye pengo mdomoni, alimjibu kila mmoja neno lile lile: kaeni chini. Baada ya saa mbili za kuombwa hivyo aliacha hata kujibu.

Mulenda alisikia kiu, akasikia miguu ikifa ganzi, na hakugeuka. Alijionea fahari kidogo, tusimfiche. Hata hapa, alijiambia, hata mbele ya bunduki, mimi ni mkwe.

Karibu saa tano, nyuma yake, Mama Marguerite alikohoa mara mbili.

Mulenda akaelewa. Au alidhani ameelewa. Mama anataka nafasi, labda anataka kujifunga kitenge vizuri, labda kujifuta jasho kifuani. Akajibana zaidi kwenye ubao na kufumba macho kabisa. Baada ya kitambo mama akakohoa tena mara mbili, safari hii kwa sauti ndogo, na Mulenda akajikunyata mpaka kichwa cha cherehani kikamchoma mbavu. Kisha hakukohoa tena. Mulenda alishukuru moyoni kwamba mama amepumzika.

Malori yakawashwa. Msafara ukatoka taratibu, ukashika barabara ya kaskazini, na upepo kidogo ukaingia kwa ule upenyo wa juu. Hapo ndipo sauti ya mwanamke ikamwangukia kutoka huko juu ya magodoro.

"We papa! We mwenye cherehani! Uyo mama iko namna gani?"

Ilikuwa sauti ya Marie-Goretti, Mnyarwanda aliyekuwa na duka dogo Area 18, mjane mnene mwenye miwani. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya mzigo, na ni yeye peke yake aliyeweza kuchungulia kijichumbani.

"Iko analala, mama," Mulenda akajibu bila kugeuka.

"Analala wapi? Jasho inamutoka kama amemwangiwa maji, na macho iko wazi nusu! Geuka umwangalie!"

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini? Shingo imevunjika?"

"Ni mama mukwe wangu."

Maneno hayo yalipita juu ya kabati, yakawafikia watu wa lori zima. Humo walikuwamo Wabembe, Wafuliiru, Warundi, Wanyarwanda, na hapakuwa na hata mmoja wa kuuliza maana yake. Mzee mmoja alisikika akisema, "Eeh, Yesu."

Marie-Goretti naye alielewa, lakini alikuwa amemzika mume. "Papa, nisikilize," akasema, sasa kwa upole. "Bwana wangu alikufa na kitu kama iyi. Nayijua vile inaanzaka. Mama iko na ugonjwa ya sukari?"

"Siyui."

"Munakaa nyumba moja na hauyui?"

"Hawakuniambiaka."

"Basi geuka. Mungu atakusamehe, mi nitakuwa shahidi. Geuka!"

Mulenda akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na moja kumtazama usoni mama wa mkewe, na alichokiona kilimkata maini. Ngozi ilikuwa ya kijivu. Mdomo ulikuwa umepinda upande. Kitenge kilikuwa kimeloa chapachapa, na mikono, ambayo daima ilikuwa na kitu cha kumenya au kupeta, ilikuwa ikitetemeka yenyewe mapajani. Hapo kule kukohoa mara mbili kukamrudia, halafu kule kwa mara ya pili, na akajua alikuwa anaitwa. Mama alikuwa akizama, akamwita mkwe wake kwa njia pekee aliyokuwa nayo, naye mkwe akazidi kumpa mgongo.

"Fungula sac yake," Marie-Goretti akaamuru. "Tafuta dawa."

Kufungua mkoba wa mama mkwe! Mulenda akaufungua. Ndani mlikuwa na Biblia, leso, kadi ya kliniki, na kiboksi cha vidonge. Akakiinua juu. Marie-Goretti akavuta miwani puani, akasoma, akapiga kofi moja kubwa.

"Njo hiyo yenyewe! Ameikunywa asubui. Alikula?"

"Uji haikuiva."

"Basi sukari yake imekwisha mu mwili. Atatukufia hapa." Akapekua kifuani mwake, akatoa pakiti ya sukari, mojawapo ya zile alizookoa dukani, akaichana kwa meno na kuiangusha ndani ya kijichumba. "Chukua kidogo na kidole, upake mu shavu, ndani, kwa ufizi. Usimupe maji, atapaliwa."

Mulenda alitazama sukari, akautazama mkono wake. "Shuka we, mama. We ni mwanamuke. Nakuomba."

"Nitashukia wapi? Nikikanyaga kabati, itawaangukia nyote wawili. Angalia vile imeinama!"

Kweli kabati lilikuwa limeegemea upande, na kila lori lilipoingia shimoni kabati lilimpiga magotini na kurudi. Mulenda akaita kwa sauti kama kuna mwanamke mwembamba, kama kuna binti anayeweza kupenya. Watu walijaribu. Mmoja aliingiza mkono kati ya magodoro, ukaishia kwenye kiwiko. Pale kwenye kona ile palikuwa na mikono miwili tu inayofika, na ilikuwa ya kwake.

Hofu ilimshika, na si hofu ya desturi peke yake. Alimwona Espérance amesimama getini Dzaleka akingoja mama yake. Akajiuliza atamwambia nini.

Nyumbani angeuambia mlango. Hapa hapakuwa na mlango, basi akaligeukia kabati. "Kabati," akasema, "umwambie mama anisamehe."

Akamshika. Akampitisha mkono nyuma ya shingo, akakilaza kichwa chake kifuani, akachovya kidole sukarini na kukiingiza kinywani mwa mama mkwe wake. Meno yalikuwa yamebana. Akayatafutia njia pembeni, akapaka, akachovya tena, akapaka. Alikuwa analia na hakujua kama analia. Juu yake Marie-Goretti alihesabu kwa Kinyarwanda, na watu wa nyuma wakaanza kuomba, kila kabila kwa lugha yake.

"Simamisha lori!" Marie-Goretti akamgeukia askari juu ya paa. "Bwana! Mama anakufa humu!"

Askari hakugeuza kichwa. Akasema kwa Kichewa kwamba msafara hausimami, kambini kuna zahanati, na tangu asubuhi ameshafiwa na wagonjwa kumi katika lori hili, na wote wakafufuka alipowakatalia kushuka.

"Angalia basi! Angalia na macho yako!"

Labda alichoshwa na kelele, labda alitaka tu kumnyamazisha. Aliinama juu ya upenyo, akafunua turubai kwa mtutu wa bunduki, akaona mwanamume mtu mzima amempakata mwanamke mzee, kidole kinywani mwake. Uso wa askari ulikunjamana kwa karaha.

Mulenda akainua macho. Kichewa chake kilikuwa cha kupima suruali na kupatana siku ya kuja kuchukua, lakini neno alilolihitaji alilijua, maana mafundi wa Biwi walilitaja kila siku. "Bwana," akasema, "awa ndi apongozi anga."

Huyu ni mkwe wangu. Maneno manne tu.

Askari aliganda. Na yeye alikuwa Mchewa wa kijijini, ameoa na kuhamia kwao mke kama walivyofanya baba zake, anaishi ua mmoja na mama wa mkewe na hajawahi kukanyaga jikoni mwake. Mtu akimwambia nina mgonjwa, angeweza kuwa mwongo. Mtu akimwambia huyu ni mama yangu, angeweza kuwa mwongo. Lakini mwanamume mwenye akili timamu hampakati apongozi wake mbele za watu ili ashushwe kukojoa. Kufika hapo, kifo lazima kiwe kimeshaingia ndani ya lori.

Akapiga paa kwa kitako cha bunduki mara tatu, nne, tano. Lori likayumba, likatoka msafarani, likasimama kando ya barabara, mahali palipokuwa na vibanda vichache na mwanamke anayeuza thobwa, kile kinywaji kitamu cha mahindi. Malori mengine yakapita yakipiga honi. Kiongozi wa msafara akapiga kelele kwenye redio ya upepo, na askari akamjibu kwa neno moja ambalo hakuna aliyelisikia vizuri. Alikuwa ameshashuka. Alirudi na chupa ya thobwa na ndizi nne, akapanda juu ya mzigo kwa viatu vyake vizito, akapiga goti, akazipenyeza chini kwa mikono miwili. Uso wake aliugeuzia pembeni. Alikuwa anampa heshima yake mama mkwe wa mtu mwingine.

"Zikomo," Mulenda akamshukuru kwa Kichewa.

Sukari ilikuwa imeanza kazi. Meno yalilegea, koo likasogea, likameza. Marie-Goretti akaruhusu thobwa, tone kwa tone, kisha mafunda madogo. Baada ya kiasi cha dakika kumi mikono ya Mama Marguerite iliacha kutetemeka. Kope zikapepesa. Mulenda akakiegemeza kichwa chake kwenye magodoro polepole, akaweka ndizi zilizomenywa mapajani pake, akafuta kidole chake kwenye suruali, akageukia ubao. Hata askari aliporudi juu ya paa na lori kuondoka, alikuwa amekaa vilevile kama asubuhi, mgongo kwa mama, paji la uso kwenye mbao.

"Nani..." Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. "Nani alinishika?"

Mama Marguerite alikuwa mwanamke wa miaka sitini na saba, mama wa kanisa, na kila mtu humo alijua jibu la kweli lingemfanya nini.

"Ni mimi, mama," Marie-Goretti akajibu kutoka juu. "Naitwa Goretti. Nilishuka, nikakupa sukari, nikapanda."

"Ni yeye, mama," wakasema watu wa nyuma ya kabati. "Ni Mama Goretti." Watu arobaini, hawajawahi kukubaliana hata juu ya foleni ya maji, walikubaliana juu ya uongo mmoja bila kikao.

"Aksanti," Mama Marguerite akasema. Akala ndizi.

Walifika Dzaleka saa saba mchana. Kabati lilipotolewa Mulenda alishindwa kusimama, ikabidi avutwe. Espérance alikuwa ameshayakagua malori saba kabla ya lile. Alimwona mama yake akishushwa amebebwa mikononi mwa wanawake, akapiga ukelele, akakimbia naye mpaka zahanati. Huko walimtoboa kidole, wakasema ameponea chupuchupu, alishwe mara moja na asiachwe peke yake. Kisha wakaelekezwa kwenye banda kubwa la maturubai walimowekwa waliotoka mjini. Familia kwa familia, kila moja na kipande chake cha sakafu, hakuna ukuta kati ya mtu na mtu. Nje ya banda askari walizunguka. Aliyeingia hakuruhusiwa kutoka.

Mulenda alikaa ukingoni mwa kipande chao, mgongo kwa mama aliyelazwa mkekani. Espérance akaja juu yake.

"Banasema Mama Goretti njo alimuokoa mama. Ni kweli?"

"Njo vile."

"Goretti alikuwa wapi?"

"Juu ya magodoro."

"Na we ulikuwa wapi?"

Mulenda akakitazama kidole chake.

"Ulikuwa naye kwa kona! Banashuhudia yote! Mama yangu anakufa pembeni yako, mpaka mutu mungine ashuke kutoka juu, mwanamuke munene vile, mujane wa watu! Ulikuwa unafanya nini, Mulenda? Ulimupa mugongo?"

"Nilimupa mugongo," Mulenda akasema. Na huo haukuwa uongo. Saa nne nzima alimpa mgongo, na kule kukohoa kulikuwa bado kunampiga kichwani.

"Heshima gani hiyo? Heshima ya kumuzika?" Espérance alikuwa analia kwa hasira. "Miaka kumi na moja nakuheshimia. Kumbe naishi na muti!"

Watu wa lori walikuwa wamekaa pande zote, wanasikia kila neno. Marie-Goretti alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Mzee yule wa "Eeh, Yesu" alitazama sakafu. Akisema mmoja, anamvua nguo Mama Marguerite mbele ya kambi nzima. Wakinyamaza, mwanamume anakula matusi ya mkewe kwa kosa alilolilipia. Na Mulenda alikuwa hana njia. Hawezi kutoka bandani, hawezi kujitetea, hawezi hata kumtazama mkewe machoni, maana angeusoma ukweli humo. Akajiona bado yuko nyuma ya lile kabati, na safari hii hakuna wa kuliondoa. Aliinamisha kichwa, akaamua moyoni kwamba atakufa nalo.

"Espérance."

Mama Marguerite alikuwa amejiinua kwa kiwiko. Hakukohoa kwanza.

"Lala, mama. Daktari alisema..."

"Muache mume wako." Alizungumza polepole, akikusanya pumzi, lakini kwa sauti ya mtu aliyezoea kusali mbele ya kanisa, na banda zima likamsikia. "Goretti ni mama muzuri, Mungu amubariki. Alidanganya juu yangu, na hawa bote balidanganya juu yangu. Aksanti kwao. Lakini mwili njo ulikuwa umekataa. Masikio haikukataa. Nilisikia yote."

Espérance akageuka kwa mumewe, akageuka kwa mama yake.

"Ni yeye njo alinishika," Mama Marguerite akasema. "Ni kidole chake njo kiliingia mu kinywa yangu. Alinipakata kama mutoto, na alilia. Batu ba Fizi bakitaka kunicheka, banicheke. Nitakuwa nachekwa na niko muzima."

Wanawake wawili wa kanisani kwake wakatazamana, kisha wakatazama kando. Kesho habari ingefika kila pembe ya Dzaleka, na yeye alijua kuliko wote. Akajifunga kitenge vizuri kichwani, akajilaza tena chali.

"Sasa utupikie, mutoto wangu," akamwambia binti yake. "Siye wawili hatuyakula bugali tangu asubui."

Siye wawili. Mulenda aliyasikia maneno hayo mawili yakimpita mgongoni na kuingia ndani, na machozi yakamtoka waziwazi. Espérance alisimama kidogo, mikono kichwani. Kisha akapita mbele ya mumewe, akamshika bega, akaenda kuomba unga kwa Marie-Goretti.